Sakado ya kuingia nayo ndani ya ndege: kilo kwanza, uzuri baadaye

Kwenye maduka ya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, begi za mgongoni, zile ambazo kila mtu anaita sakado, zinauzwa mara nyingi zikiwa na karatasi ndogo yenye neno moja la Kifaransa: «cabine». Muuzaji anaionyesha karatasi hiyo kama cheti. Mnunuzi anaamini, analipa, anaijaza sakado yake, na siku ya safari anagundua kwamba karatasi ile haikuandikwa na kampuni ya ndege. Iliandikwa na kiwanda. Mbele ya mizani ya uwanja wa ndege haina nguvu yoyote.

Sakado nzuri ya safari ni ile inayopita kipimo cha kampuni iliyo kali kuliko zote zilizomo ndani ya tiketi, ikiwa imejaa, na kilo zake zikiwa zimehesabiwa nyumbani. Mengine yote, rangi, jina la kiwanda, wingi wa mifuko, yanakuja baadaye. Wanaouza tiketi nao wana sehemu yao ya deni. Wanapaswa kumwambia msafiri kipimo hicho kabla ya kupokea feza zake, si kumwacha akijue mbele ya mlango wa ndege.

Safari zimekuwa ndefu, makosa yamekuwa ghali

Kabla ya 2025, mkaaji wa Goma aliyekuwa anakwenda Kinshasa aliweza kupanda ndege mjini mwake na kushuka Ndjili siku hiyohiyo. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwezi wa kwanza 2025 kwa sababu ya vita, kisha ule wa Kavumu ukafuata mwezi wa pili. Tangu hapo wengi walilazimika kuvuka mpaka ili kwenda mji mkuu wa nchi yao wenyewe. Mtu anapanda gari hadi Kigali, ao anapitia Uganda hadi Entebbe, kisha anabadilisha ndege Nairobi ao Addis Ababa. Wa Beni na Butembo wanaijua vizuri njia ya Kasindi.

Kila mpaka una sheria zake. Rwanda imekataza mifuko ya plastiki tangu 2008, na anayepita Grande Barrière na vitu vyake vimefungwa ndani ya mifuko hiyo anaweza kuambiwa aviondoe na kuiacha. Kila ndege ya kuunganisha nayo ina kipimo chake. Mzigo uliokubaliwa asubuhi unaweza kukataliwa jioni, na mwenye nao hajaongeza hata soksi moja.

Tena nyuma ya tiketi moja mara nyingi kuna familia nzima. Mjomba ametoa, dada mkubwa ametoa, marafiki wa kanisani wamechanga. Mwanafunzi ao mgonjwa anayekwenda kutafuta matibabu anaondoka na makuta yaliyohesabiwa moja kwa moja. Akiambiwa alipe mzigo uliozidi, anachukua katika feza za kula njiani ao za kodi ya chumba cha mwezi wa kwanza. Akikosa, anafungua sakado yake chini mbele ya mstari mrefu wa watu na kuanza kuchagua cha kuacha: viatu, vitabu, unga wa muhogo, kitenge alichopewa na mama. Wengine wanavaa makoti matatu kwa pamoja, jasho linawatoka, na watu wanawacheka. Lakini hakuna la kuchekesha hapo. Ni hasara ambayo ingezuiwa na metre ya fundi wa nguo na dakika 5 za kusoma masharti ya tiketi.

Hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima

Wengi wanafikiri kuna sheria moja ya kimataifa juu ya mzigo wa mkononi. Haipo. IATA, shirika linalounganisha kampuni nyingi za ndege duniani, linataja kipimo cha juu cha sentimetri 56 kwa 45 kwa 25, lakini hilo ni elekezo tu. Mwezi wa sita 2015 shirika hilo lilijaribu kuleta alama moja iliyoitwa «Cabin OK», kwa ajili ya mizigo isiyozidi sentimetri 55 kwa 35 kwa 20. Wasafiri wa Marekani na Canada walilalamika kwamba wanalazimishwa kununua mizigo mipya iliyo midogo. Siku chache tu baadaye mpango ukasimamishwa. Kila kampuni ikabaki na metre yake.

Ndiyo maana namba ni nyingi. Ethiopian Airlines, ambayo Wakongomani wengi wanaipanda kupitia Addis Ababa, inataja sentimetri 55 kwa 40 kwa 23 na kilo 7 kwa msafiri wa daraja la kawaida. Emirates nayo inasimama kwenye kilo 7. Brussels Airlines na Turkish Airlines zinataja sentimetri 55 kwa 40 kwa 23 na kilo 8. Air France inakubali sentimetri 55 kwa 35 kwa 25, na kilo 12 kwa mzigo mkubwa na kibegi kidogo vikiwa pamoja. Kisha kuna kampuni za bei nafuu za Ulaya, ambazo wengi hawazifikirii mpaka wanapofika huko. Ryanair inamruhusu mwenye tiketi ya chini aingie bure na kibegi kimoja cha sentimetri 40 kwa 30 kwa 20 tu. Kipimo hicho, kilichoongezwa kidogo 2025, ni kama nusu ya kile ambacho Ethiopian inakubali.

Sasa mchukuliwe kijana anayetoka Bukavu, anapita Kigali na Addis Ababa hadi Brussels, kisha anachukua ndege ya bei nafuu kumfuata kaka yake Italia. Ana tiketi mbili na kampuni mbili. Sakado iliyomfikisha Ulaya salama inaweza kulipiwa nyongeza kwenye safari ya mwisho iliyo fupi kuliko zote, na nyongeza hiyo, inapolipwa mlangoni, inaweza kupita bei ya tiketi yenyewe. Tiketi zote zisomwe kabla ya kwenda sokoni, na kipimo kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kifuatwe. Masharti yanabadilika pia kila mara. Anayetegemea maneno ya rafiki aliyesafiri miaka miwili iliyopita anajidanganya.

Kwa yule asiyepitia kampuni za bei nafuu, hesabu ni rahisi. Sakado ambayo ikijaa haizidi sentimetri 55 kwa 35 kwa 20 inaingia ndani ya vipimo vyote vikubwa vilivyotajwa hapo juu. Na kama haizidi kilo 7, hakuna mizani kati ya hizo itakayoikataa.

Kilo ndiyo inayowaangusha wengi

Wanunuzi wengi wanatazama ukubwa na kusahau uzito. Kumbe kwa safari za Afrika na za nchi za Kiarabu mizani ndiyo inayowaangusha wengi zaidi. Kilo 7 si kitu kingi, na sehemu yake inaliwa na begi lenyewe likiwa bado tupu.

Valizi ndogo ya magurudumu, yenye plastiki ngumu na mshikio wa chuma unaovutwa, inabeba mara nyingi karibu kilo 3. Msafiri wa kilo 7 anabaki na kilo 4. Akiweka kompyuta na chaja yake, tuseme kilo 2, na viatu vya kilo moja, amebaki na kilo moja ya nguo, hati na dawa. Sakado ya kitambaa chepesi ambayo haina chuma inaweza kuwa na kilo moja na gramu 200. Huyo anabaki na kilo 5 na gramu 800. Akiweka kompyuta ileile na viatu vilevile, bado ana karibu kilo 3. Tofauti hiyo ni nguo za juma zima, ao vitabu viwili na dawa za miezi miwili.

Sakado tupu ipimwe kabla ya kununuliwa. Hata kama duka halina mizani, muuza maharagi wa karibu anayo na hatakataa. Sakado inayozidi kilo moja na nusu ikiwa tupu, hata ikiwa nzuri namna gani, inamnyang'anya msafiri nafasi aliyokwisha kuilipia.

Kuna wanaopinga. Wanasema mtu mzima hawezi kushuka ndege akiwa na sakado mgongoni kama mwanafunzi wa shule ya sekondari, na kwamba baba mwenye koti safi anahitaji valizi. Wazo hilo lina mizizi katika nchi ambako watu wanajua kuvaa na wanahukumiana kwa mavazi. Lakini heshima ya msafiri haiongezeki anapopiga magoti mbele ya mizani akitoa mashati yake moja moja. Sakado nyeusi iliyokatwa vizuri, bila maandishi makubwa wala kamba zinazoning'inia, haimshushi mtu yeyote cheo. Tena kabla ya kufika kwenye sakafu laini ya uwanja wa ndege kuna barabara ya mawe ya volkano, kuna motari, kuna mstari wa mpakani, kuna basi lililojaa. Huko kote magurudumu hayasaidii kitu, na mikono miwili iliyo huru ina thamani.

Hata hivyo haki isemwe. Mama mjamzito, mzee na mtu mwenye ugonjwa wa mgongo wasilazimishwe kubeba. Kwao valizi nyepesi ya kitambaa ni bora, mradi nayo ipimwe na magurudumu yake yahesabiwe, kwa sababu kampuni zinapima kila kitu kinachotokea nje: magurudumu, mishikio na mifuko ya pembeni.

Litre zinadanganya

Sakado nyingi zinauzwa kwa litre: 30, 40, 50. Namba hiyo inasema ni kiasi gani kinaingia ndani. Haisemi sakado inatokeza sentimetri ngapi nje. Sakado mbili za litre 40 zinaweza kutofautiana kabisa. Moja ni fupi na pana, nyingine ni ndefu kama ya wapanda Nyiragongo, na inapita sentimetri 60 kwa urefu. Hiyo ya pili haitaingia ndani ya kisanduku cha kampuni, hata ikiwa nusu tupu, kama ina chuma cha kuishikilia wima mgongoni.

Hesabu yenyewe inasaidia. Kisanduku cha sentimetri 55 kwa 35 kwa 20 kinabeba litre 38 na nusu, na hiyo ni kama sakado ingekuwa na pembe nne kamili kama tofali. Hakuna sakado ya namna hiyo. Kwa hiyo anayetafuta amani atafute kati ya litre 30 na 35. Kwa kibegi cha Ryanair, kisanduku chote ni litre 24, na sakado ya litre 20 inatosha.

Lakini kipimo cha kweli ni cha sakado iliyojaa. Kuna njia moja ambayo haigharimu kitu. Mtu achukue karatoni, aikate na kuifunga mpaka ndani yake iwe na sentimetri 55 kwa 35 kwa 20. Kisha ajaze sakado yake kama siku ya safari na kuiingiza humo. Ikiingia bila kusukumwa kwa goti, imepita. Ikikwama nyumbani, itakwama na kiwanjani, ambako hakuna kabati la kurudisha nguo.

Mambo mengine manne yanastahili kutazamwa dukani. La kwanza ni mlango wake. Sakado inayofunguka pande tatu kama valizi ni bora kuliko ile inayofunguka juu tu, kwa sababu mkaguzi akiomba kuona kitu kilicho chini, msafiri hahitaji kumwaga kila kitu. La pili ni zipu. Ndiyo inayokufa kwanza, na ikifia njiani hakuna fundi. Ifunguliwe na kufungwa mara nyingi, hasa kwenye pembe. La tatu ni mishono ya mikanda pale inaposhikana na sakado. Ikiwa imeshonwa mstari mmoja tu, itaachia. La nne ni mkanda wa kiuno. Unasaidia kutembea na kilo nyingi, lakini kwa kilo 7 hauhitajiki sana, na usipoweza kutolewa ao kufichwa unaongeza unene.

Bei haihakikishi mambo hayo. Sakado ya caguo, iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, inaweza kuwa imara kuliko mpya inayong'aa, mradi kitambaa chake hakijachanika na zipu zake ni nzima.

Si kila sheria ni ya kumnyanyasa msafiri

Wapo wanaosema vipimo hivi vyote ni ujanja wa kukamua feza. Kwa sehemu wana haki, na jambo hilo litarudiwa hapa chini. Lakini Congo ni moja ya nchi ambako mzigo wa mkononi umewahi kuhusishwa na vifo.

Tarehe 25 mwezi wa nane 2010, ndege ndogo ya aina ya Let L-410 ya kampuni Filair ilianguka karibu na Bandundu. Watu 20 kati ya 21 walikufa. Kadiri ya maelezo ya abiria mmoja aliyepona, mamba aliyekuwa amefichwa ndani ya begi la msafiri alitoka wakati ndege ilipokaribia kutua. Watu wakakimbilia mbele, na ndege ikapoteza usawa wake. Maelezo hayo yalizunguka dunia nzima kama kichekesho. Kwa Wakongomani yangepaswa kuwa somo. Kwenye ndege ndogo, kama zile zinazohudumia miji na vijiji vingi vya mashariki, uzito na mahali ulipowekwa vinahesabiwa na rubani kabla ya kuruka. Nyingi kati ya hizo hazina hata kabati juu ya vichwa. Anayeficha kilo 10 mgongoni ameiharibu hesabu ya rubani.

Jambo la pili ni betri. Huku kwetu umeme unakatika, kwa hiyo karibu kila msafiri anabeba pawabanki. Hiyo haikubaliwi kabisa ndani ya tumbo la ndege. Inapaswa kubaki ndani ya mzigo wa mkononi, kwa sababu ikiwaka moto, wahudumu wanaweza kuuzima. Mwezi wa kwanza 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini kwenye uwanja wa ndege wa Busan, Korea ya Kusini. Watu wote walitoka, na wachunguzi walitaja pawabanki iliyokuwa kabatini kama chanzo kinachowezekana. Tangu mwezi wa kumi mwaka huo, Emirates imekataza kuitumia ndani ya ndege zake. Kwa kawaida inayoruhusiwa bila kuomba ruhusa ni ile isiyozidi wati-saa 100. Pawabanki ya mAh 20000 ina karibu wati-saa 74, hiyo inapita. Ya mAh 30000 ina karibu 111, hiyo inahitaji ruhusa ya kampuni. Isiyo na maandishi yoyote inaweza kuchukuliwa. Kwa hiyo sakado nzuri ina mfuko wa karibu na mkono ambamo pawabanki inakaa na inatolewa haraka.

Jambo la tatu ni vitu vya majimaji. Tangu njama iliyogunduliwa London mwezi wa nane 2006, viwanja vingi vinaomba kila chupa isizidi mililitre 100, na chupa zote ziingie ndani ya kifuko kimoja cha litre moja. Viwanja kadhaa vyenye mashine mpya vimeanza kulegeza, lakini msafiri wa ndege tatu asihesabu juu ya hilo. Mafuta ya mawese ni maji, asali ni maji, karanga ya kusaga inahesabiwa vilevile. Jibini ya Masisi haimwagiki, lakini anayekwenda nchi za Umoja wa Ulaya ajue kwamba huko nyama na vitu vya maziwa kutoka nje haviruhusiwi ndani ya mizigo ya wasafiri. Shangazi anayeleta jibini nzima usiku wa kuaga anatoa zawadi ya upendo. Aelezwe kwa upole kabla zawadi hiyo haijaishia ndani ya pipa la takataka la forodha.

Kisichoweza kupotea kikae mwilini

Kuna kosa lingine, hata kwa wenye sakado iliyopimwa vizuri. Wanaweka kila kitu humo, wakifikiri kwamba kilicho mkononi hakiwezi kupotea. Ndege ikijaa, wahudumu wanaweza kuchukua mzigo mlangoni na kuupeleka tumboni, hata kama vipimo vyake ni sawa. Msafiri anapewa sekunde chache. Ndani kuna pasiporti, dawa za sukari, feza, barua ya chuo kikuu.

Kuna pia ajali. Tarehe 2 mwezi wa kwanza 2024, ndege ya Japan Airlines iliwaka moto kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo, baada ya kugongana na ndege nyingine. Watu wote 379 waliokuwa ndani walitoka, na moja ya sababu zilizotajwa sana ni kwamba waliziacha begi zao. Anayejua kwamba maisha yake yote yako kabatini atasita kuliacha kabati, na kusita kwake kunawazuia walio nyuma.

Kwa hiyo sakado peke yake haitoshi. Sakoshi ndogo ya shingoni ao ya kiunoni, isiyozidi kitabu kwa ukubwa, ibebe pasiporti, kitabu cha chanjo, feza, simu na dawa za siku mbili. Hiyo haiondolewi mwilini. Sakado ikichukuliwa mlangoni, msafiri atoe pawabanki na kompyuta, kisha aombe kipande cha karatasi chenye namba ya mzigo. Mkataba wa Montreal wa 1999 juu ya usafiri wa ndege wa kimataifa unasema mzigo uliokabidhiwa lazima upewe alama hiyo. Kadiri ya mkataba huohuo, kampuni inawajibika kwa mzigo uliokabidhiwa ukipotea ao ukiharibika, hadi kiwango ambacho tangu mwisho wa 2024 ni karibu dola 2000 kwa abiria mmoja. Kwa mzigo uliobaki mkononi, inawajibika tu kama kosa ni lake. Malalamiko yaandikwe: ndani ya siku 7 kwa mzigo ulioharibika, na siku 21 kwa uliochelewa. Bila kile kipande cha karatasi, haki hizo zote zinakuwa ngumu kudai.

Ajansi zinaweza kufanya zaidi

Msafiri akishapima na kukata karatoni yake, bado upande wa pili una wajibu. Tiketi nyingi mashariki mwa Congo zinanunuliwa kwa mkono, kwenye ajansi ndogo zilizo kando ya barabara kuu. Mteja anapewa karatasi yenye saa, tarehe na namba. Sharti la mzigo wa mkononi mara nyingi limefichwa ndani ya herufi mbili za Kiingereza, ao halipo kabisa. Anayeuza analijua. Kulitamka ni dakika moja, na kuliandika kwa Kiswahili kwa kalamu ni dakika ya pili: sentimetri ngapi, kilo ngapi, vibegi vingapi, na nyongeza ni dola ngapi. Metre na mizani ndogo ya kuning'iniza vingekaa kwenye kila ajansi, na bei yake ni ndogo kuliko faida ya tiketi chache.

Wanaosema kwamba kampuni hazisikii kitu watazame Ulaya. Mwezi wa tisa 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba mzigo wa mkononi ni sehemu ya lazima ya kumsafirisha mtu, na kwamba hauwezi kutozwa nyongeza ikiwa uzito na ukubwa wake ni wa kadiri na unafuata masharti ya usalama. Miaka 10 baadaye, mwezi wa kumi na moja 2024, serikali ya Hispania ilizitoza kampuni tano faini ya euro milioni 179, kati ya mengine kwa sababu ya kulipisha mzigo huo. Kampuni hizo zimepinga, na mabishano yanaendelea. Lakini yalianza kwa sababu wasafiri wa kawaida walihifadhi karatasi zao na kulalamika kwa maandishi.

Huku, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi, AAC, ingeweza kuanza na jambo dogo zaidi: kudai kwamba kila anayeuza tiketi ndani ya Congo aonyeshe ukutani vipimo vya mzigo wa mkononi na bei ya nyongeza, kwa Kifaransa na kwa lugha ya wakaaji wa pale. Wenye kupigania haki za wateja ndani ya mashirika ya raia wangekuwa na kitu cha kushika mkononi wanapokwenda kudai.

Mpaka siku hiyo ifike, usalama wa msafiri uko ndani ya mambo machache. Asome tiketi zote kabla ya kwenda sokoni. Apime sakado tupu kwa kilo, kisha sakado iliyojaa kwa sentimetri. Aweke hati na dawa mwilini. Na pale kwenye ajansi, kabla ya kutoa feza, aulize: «Mzigo wa mkononi ni kilo ngapi, na mniandikie.» Ajansi isiyotaka kuandika imekwisha kumjibu, na ile ya ng'ambo ya barabara nayo inauza tiketi.